Swali la masega ya gari, na kwa nini nilichelewa kulijibu



Wiki tatu zilizopita kijana mmoja aliniandikia inboksi: "Shekhe, mimi ni fundi magari. Wateja wanatuambia tuwatolee masega, wengine wanayauza wenyewe, wengine wanatuachia sisi yawe ndiyo malipo ya kazi. Hii pesa ni halali?"

Maswali ya namna hii kwa kawaida nayajibu siku hiyohiyo, hata nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Hili nililisoma, nikaweka simu chini. Kesho yake nikalifungua, nikalifunga tena. Baadhi yenu mmeanza kuuliza mbona darsa la mauziano limesimama. Limesimama kwa sababu hiyo. Siwezi kumjibu huyu kijana bila kujitaja mwenyewe, na kujitaja ni kuzito.

Kwanza niwaeleze masega ni nini, maana najua dada zangu wengi na hata kina kaka wanaoendesha kila siku hawajawahi kuyaona.

Ukilala chini ya gari la petroli lililotoka Japani, ukafuata bomba la moshi kuanzia kwenye injini, kabla hujafika kwenye silensa utakuta mahali bomba limevimba. Ndani ya ule uvimbe kuna kigae chenye vitobo vidogo vingi mno, vimepangwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana mafundi wetu wakayaita masega, na kwa kweli ni jina zuri. Kigae hicho kimepakwa utando mwembamba wa madini matatu ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, na masega yakishapata moto wa kama nyuzi 300 hivi, sumu zake zinageuka. Gesi ya kaboni monoksaidi inakuwa hewa ya ukaa. Petroli ambayo haikuungua vizuri inamaliziwa humo humo, inakuwa hewa ya ukaa na maji. Zile gesi za naitrojeni zinazowasha kifua zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida, ileile tunayoivuta kila siku bila kudhurika. Na madini yenyewe hayaliwi. Yanaigeuza sumu na yenyewe yanabaki. Subhanallah, kitu kimekaa chini ya gari, hakionekani, hakisifiwi, kazi yake ni kumlinda mtu anayepita nyuma yako ambaye humjui.

Sasa hadithi yangu.

Mwaka 2017 Allah alinijaalia nikanunua gari dogo lililotumika Japani miaka kumi na moja. Nililipa ushuru, na juu yake ule ushuru wa uchakavu unaotozwa kwa magari ya umri huo, nikalalamika kama mnavyolalamika. Lilikuja na karatasi ya ukaguzi, maana wakati ule ukaguzi kwa ajili ya TBS ulifanyika hukohuko Japani kabla gari halijapandishwa meli. Baadaye, mwaka 2021, ulihamishiwa hapa bandarini. Ile karatasi niliiweka kwenye faili pamoja na cheti cha ndoa, sikuisoma.

Laiti ningeisoma ningejua kwamba nimepokea amana. Kule Japani gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na moshi wake unapimwa kwa mashine. Gari la petroli la kawaida likiwa linaunguruma bila kutembea, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 1 ya moshi. Likizidi hapo, halipati kibali cha barabarani. Kwa hiyo kuna Mjapani mmoja, hanijui wala simjui, na pengine hajawahi kumsikia Allah akitajwa, alilipeleka gari hilo kwenye kipimo mara baada ya mara na kuliachia likiwa zima. Likafika kwa mimi, mtu wa swala tano na darsa la Alhamisi.

Mwaka 2021 gari likaanza kuwa zito. Ukikanyaga mafuta linaunguruma tu, mlima wowote linalia. Nikalipeleka gereji. Fundi akalisikiliza, akagonga chini kwa bisibisi, akasema, "Ustadh, masega yameziba. Tunakata, tunaunga bomba, gari inapumua. Na masega yako nakutafutia mteja saa hii hii."

Nilimuuliza kama yana faida yoyote. Akacheka. "Yale ni ya Ulaya na Japani, kwa baridi yao. Zamani magari yetu yalikuwa nayo?"

Hapo nisimame kidogo, maana hoja hii mafundi wengi wanayo na ina nusu ya ukweli. Ni kweli zamani magari yetu mengi hayakuwa nayo, na hata yangekuwa nayo yasingedumu, kwa sababu petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, na risasi inayaua masega. Afrika yote kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Tena kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye mafuta, kwa kuwa salfa nayo inayadhoofisha. Maana yake serikali zimesafisha mafuta, na sehemu ya faida iliyokusudiwa ni vifaa kama masega vipate kufanya kazi. Halafu sisi tunayakata kwa grenda. Hayo ya baridi ya Ulaya hayana msingi wowote. Joto letu haliyadhuru, yenyewe yanaishi ndani ya moto.

Na kuhusu kuziba: masega hayazibi yenyewe bila sababu. Aidha injini inakula oili, au plagi zimekufa na petroli inapita bila kuungua, au umewekewa mafuta yaliyochakachuliwa. Kuyatoa ni sawa na mtu anayekohoa ukamkata koromeo. Gari litakuwa jepesi, ndiyo, kwa sababu kizibo kimeondoka. Lakini ugonjwa uliokileta kizibo umeuacha palepale, na sasa hauna wa kuuzuia.

Haya yote nimejifunza baadaye. Siku ile nilichosikia ni neno "mteja". Mteja alikuja na pikipiki, akayapima kwa macho, akasoma namba zilizogongwa kwenye chuma, akanipa shilingi 350,000. Ndio mwaka ambao bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja, ingawa mimi sikulijua hilo, na mteja sidhani kama alikuwa na haja ya kunieleza. Nikamlipa fundi 50,000 yake. Nikarudi nyumbani na laki tatu, nikasema alhamdulillah. Wallahi nilisema alhamdulillah.

Baada ya siku chache taa ya injini ikawaka. Nyuma ya masega kuna sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta ya gari kama kazi inafanyika. Haikuona kazi, ikasema ukweli. Fundi akaongeza nati ndefu kwenye sensa ili isikutane na moshi sawasawa, taa ikazimika. Kwa hiyo nilianza kwa kukata, nikaishia kumfundisha shahidi kusema uongo.

Mwaka 2022 nikaliuza kwa kijana mmoja anayesali msikiti wetu, anafanya kazi ya kubeba abiria. Shilingi milioni tisa na nusu. Aliniuliza, "Ustadh, halina tatizo?" Nikamwambia, "Gari la mtu mzima hilo, nimelitunza." Hakuniuliza kuhusu masega na mimi sikuyataja. Akasema asante, kwa kuwa ni wewe sipeleki hata fundi wa kuliangalia.

Hiyo "kwa kuwa ni wewe" ndiyo inayoniamsha usiku.

Miezi saba baadaye alimpeleka mama yake Muheza. Mvua ilikuwa kubwa, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinazungusha hewa ya ndani. Mama amekaa nyuma. Walipopita Mkata akasema kichwa kinamuuma. Baadaye akasema anasikia kichefuchefu, kisha akanyamaza, kijana akadhani amelala. Walipofika Segera akamwita, haitikii vizuri. Akasimamisha gari, akafungua milango, akamtoa nje kwenye manyunyu ya mvua na kumpepea. Allah akamrudishia nguvu taratibu. Walipofika Muheza fundi wa kule akalinyanyua gari, akakuta palipochomelewa bomba pamepasuka, juu yake kwenye sakafu kuna kitobo kisicho na mpira wake, na moshi ulikuwa unaingia ndani. Akatafuta masega hakuyaona. Akakuta bomba tupu.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo, ndiyo maana mtu anaona usingizi tu. Gari lenye masega mazima linatoa kidogo sana ya gesi hiyo. La kwangu lilikuwa linaitoa yote kama inavyotoka kwenye injini, na mahali nilipokata ndipo palipopasuka.

Kijana akanipigia jioni ile. Hakufoka. Alisema, "Ustadh, samahani, hivi ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Gari za zamani hizo, huwa inatokea." Nikaondoka kwenye simu, nikaenda kusomesha.

Na somo la Alhamisi ile, kwa qadar ya Allah, lilikuwa rundo la nafaka. Mnakijua kisa. Mtume (S.A.W) alipita sokoni, akakuta mtu anauza nafaka, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikatoka na unyevunyevu. Akamuuliza kulikoni. Yule mtu akasema imenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema lile neno zito la kumtoa mwenye kughushi katika watu wake. Nimekisomesha kisa hiki zaidi ya mara kumi. Siku hiyo nikakwama katikati. Yule mtu mvua haikuwa kosa lake. Mvua imeteremka kutoka mbinguni. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio wa rundo tu, kavu juu, mbichi chini. Mimi mvua nimeimwaga mwenyewe, nimelipwa kwa kuimwaga, kisha ndio nikapanga rundo.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Muheza.

Nilimkuta mama amekaa barazani anachambua mchele. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu. Nikamweleza kila kitu mbele ya mwanawe, na yale ya simu pia. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Akaniuliza, "Hicho kidude chenyewe kilikuwa kinafanya kazi gani?" Nikamfafanulia kama nilivyowafafanulia nyinyi. Akafikiri.

Akasema, "Mimi nimekusamehe. Na mwanangu huyu mtamalizana, mnajuana. Sasa wale waliokuwa wanatembea nyuma ya gari lako mwaka mzima kabla hujaliuza, utawatafuta wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye haki za watu tunafundishana kwamba toba ina sharti la kurudisha haki kwa mwenyewe. Mwenyewe ni nani hapa? Muuza mihogo pale kituoni Mbagala? Watoto wanaovuka kwenda madrasa saa ya foleni? Mwendesha bodaboda anayesimama nyuma ya bomba langu kila taa nyekundu? Nimewatolea sadaka, namuomba Allah aipokee, lakini siwaambii kwamba hilo limemaliza kitu. Sijui.

Na kijana tulimalizana hivi, naandika kwa sababu wengi mnauza magari. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla hajanunua, ana hiari ya kuirudisha bidhaa. Lakini gari lilikuwa limekwishagongwa ubavuni mikononi mwake, na aibu mpya ikizuka kwa mnunuzi hawezi kumlazimisha muuzaji apokee. Hapo panaingia fidia ya upungufu. Tukawaita mafundi wawili waaminifu. Wakasema siku ile ya mauziano, gari lingekuwa zima thamani yake milioni kumi, na bila masega milioni tisa na laki mbili. Upungufu ni asilimia 8. Asilimia 8 ya bei aliyonilipa ni shilingi 760,000. Nikamrudishia, na masega mengine nikamnunulia Gerezani kwa pesa yangu nyingine, yakafungwa, plagi zikabadilishwa kwanza, na ile nati ndefu ikatolewa. Taa haijawaka tena. Na wale mnaoandika kwenye matangazo "linauzwa kama lilivyo" mkidhani mmejitoa, neno hilo halimwokoi muuzaji ambaye aibu anaijua.

Wengine mtasema, Shekhe, hapa kwetu nani anapima moshi? Ni kweli. Sheria zetu nyingi zimesimama mlangoni. Ndugu zetu wa Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka minane. Uganda tangu mwaka 2018 wameweka kikomo cha miaka kumi na mitano. Sisi tunatoza ushuru wa uchakavu na kukagua gari linapoingia. Lakini likishatoka getini bandarini, mimi binafsi kwa miaka yote niliyolimiliki hakuna mtu aliyewahi kuingiza kipimo kwenye bomba langu. Waliangalia breki, taa, matairi, wakaniruhusu. Na wala si sisi peke yetu. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari chakavu yanayosafirishwa kuja Afrika kutoka kwao, wakakuta mengi yana umri wa miaka 16 hadi 20 na hayana hata cheti halali cha ukaguzi, na mengine masega yamekwishang'olewa hukohuko kabla ya kupanda meli. Kwa hiyo unaponunua, ingia chini au lipa mtu aingie chini. Ile "kwa kuwa ni wewe" iacheni.

Sasa jibu lako, kijana wangu fundi. Samahani kwa kukuchelewesha.

Masega yaliyokufa kabisa, mwenye gari akaweka mengine yanayofanya kazi, yale ya zamani ni mali yake. Akiyauza kwa wanaoyayeyusha kutoa madini, au akikupa wewe kwa ridhaa kama ujira mliokubaliana, sioni tatizo. Hakikisha tu anajua thamani yake, usimpe 50,000 kwa kitu unachojua kinauzwa laki tatu na nusu. Masega yaliyoibwa chini ya gari la mtu usiku, anayenunua ameshirikiana na mwizi, na kama unayo shaka muulize aliyeleta gari liko wapi. Na masega unayoyakata ukaacha bomba tupu, huo ni ujira wa kuwadhuru watu, na dini yetu imeukataza mlango wa kudhuru. Usiufanye hata mteja akikubembeleza. Mwambie atafute kwanza kwa nini yameziba. Wengine watakwenda gereji ya jirani, najua, na utakosa pesa.

Jana usiku nilimtumia jibu hili kabla ya kuliweka hapa. Akanishukuru. Kisha akaniandikia tena: "Shekhe, mimi nimeshakata zaidi ya arobaini. Baadhi ya wenyewe nawajua, namba zao ninazo. Nianze na nani?"

Tumekubaliana aje Alhamisi baada ya Isha, na daftari lake.